Maji ya Ukuta wa Kaskazini

Mimi si mtu wa kukaa. Hata mbaazi nazipepeta nikiwa natembea, na mume wangu Mrisho husema siku nitakayokufa watu watanifukuza na jeneza uwanja mzima. Kwa hiyo mwaka ule, soko huria lilipopanda huku kwetu Nang'ololo, juu kidogo ya Chiwata, mahangaiko yangu yalipata pa kushika. Mwanangu Kurwa aliajiriwa kupanga magunia ya korosho ndani ya ghala la zamani, na magunia hayo wakayaegemeza kwenye ukuta wa kaskazini.

Asiyelijua ghala lile nimweleze kwanza, maana asipolijua ataniona chizi kama walivyoniona wengine.

Ni la Mwingereza. Lilijengwa wakati wa vita vya Hitla, baada ya mwaka wa njaa ambao hata ming'oko, vile viazi vya porini, iliadimika. Amri ilitoka bomani kwamba kila kaya, kila mavuno, ipeleke kikapu cha mtama kikawekwe akiba. Watu waliambiwa chakula ni chao ila ufunguo si wao. Basi likainuliwa ghala la kuwekea huo mtama, na pamoja na hasira zangu zote siwezi kusema halikujengwa. Mawe yake ni ya kijivu, magumu, yalipandishwa kutoka kwenye majabali ya huko chini njia ya Masasi. Kuta ni nene, mtu mzima anaweza kulala akiwa amekingama juu yake. Chini zina matundu yenye vyuma, juu karibu na paa zina mianya myembamba, na ndani sakafu ni ya mbao za mninga zilizoinuliwa kutoka ardhini. Upepo unaingia kwa chini, unapita chini ya mbao, unapanda katikati ya nafaka, unatokea juu. Kwa nje, usawa wa kiuno, kuna ukingo wa mawe bapa uliotokeza pande zote, ili panya akipanda agonge kichwa arudi kwao. Ukiingia mle mchana wa Oktoba, nje jua linachoma utosi, ndani unatamani kanga ya pili.

Sasa watu husema, "Mwingereza alijenga." Mwingereza alikuja na kofia na fimbo ya kuonyeshea. Mawe yalibebwa na wanaume wa huku, na maji ya kukorogea chokaa yalibebwa na wanawake wa huku, kwa kichwa, kutoka bondeni. Na anayekaa huku juu anayajua maji yetu. Unashuka alfajiri, unapanda na jua, na ulichopanda nacho ndicho cha kunywa, kupika na kuoga. Nyapara wa kazi ile alikuwa mzee Swalehe, baba yake Mrisho, sasa marehemu. Mpaka uzeeni alikuwa akipita pale anagonga ukuta kwa bakora na kusema, "Huu nimeusimamia mimi." Hakuna mwanamke aliyepata kupita akasema maji haya nimeyabeba mimi, na hilo lilikuwa likiniudhi tangu niolewe.

Nilipochezwa unyago nilifundishwa mengi, na mengi hayo hayatatoka mdomoni mwangu. Hili moja nalitoa kwa sababu limekwisha kutoka. Tuliambiwa kwamba mwanamke wa Nang'ololo haegemei ukuta wa kaskazini wa ghala, haketi chini yake, wala hamwachi mtoto wake acheze pale. Hatukuambiwa kwa nini, na unyagoni huulizi kwa nini. Wanaume walipotuona tunazunguka mbali walidhani pana mzimu, wakafurahi kutouliza. Hata enzi za ushirika, ghala lilipogeuzwa kuwa la korosho, wanawake waliokuwa wakichambua korosho mle ndani walikuwa wakiacha njia pana kando ya ukuta ule, na makarani wakadhani ndivyo ghala linavyopangwa.

Halafu ushirika ukafa. Mizani ikaota kutu, popo wakahamia. Ikaja miaka ya ruksa, malori ya watu binafsi yakaanza kupanda kilima na vumbi lake, na kijiji kikalikodisha ghala kwa tajiri mmoja ambaye hakuna aliyepata kumwona. Tulimwona wakala wake tu, Ladislaus, kijana wa Masasi mjini, mpole, mwenye miwani ya jua na redio. Siwezi kumsingizia ubaya, maana kila tukikutana aliniamkia kwa heshima. Ila yeye alikuwa mgeni, na kwa macho yake ile njia pana kando ya ukuta ilikuwa nafasi inayopotea bure. Makuli aliowaajiri wote walikuwa vijana wa kiume, hawajui lolote la unyagoni. Wakayajaza magunia pale kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti.

Kurwa alikuwa mmoja wao. Pacha wake Doto tulimzika hajajua kutambaa, na baada yao sikupata mtoto tena. Ninaposema mwanangu, nimesema wote nilio nao.

Siku ya kwanza nilipompelekea chakula ndipo nilipoyaona magunia yale. Yeye alikuwa amepiga goti kati ya magunia na ukuta, anasukuma kwa bega.

"Kurwa, toka hapo."

"Pana nini, mama?"

"Toka kwanza, utauliza ukiwa nje."

Alitoka anacheka, jasho linamtiririka, akapokea bakuli. Nikamwambia magunia yasiegemezwe upande ule. Akaniuliza kwa nini. Nilichokuwa nacho ni mwiko mtupu, na mwiko huo haambiwi mwanaume, hata kama mwanaume mwenyewe umemzaa.

"Pana mzimu?" akauliza, na macho yake yakacheka kabla ya mdomo.

"Kula," nikamwambia.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilikuwa naacha sufuria jikoni nakwenda kuutazama ukuta. Leo niliuona umetuna, kesho nikauona haujatuna. Nikaona ufa, nikasogea, nikakuta ni njia ya mchwa. Nikiwa shambani naokota korosho, kila kishindo cha lori kilinifanya nisimame wima na kusikiliza, mpaka wenzangu wakaanza kuniuliza kama namsubiri mgeni. Nilijisemea kwamba ghala limesimama miaka yote hiyo, na moyo ukanijibu kwamba miaka yote hiyo Kurwa hakuwemo ndani.

Nikamwendea Mrisho. Mume wangu ni fundi wa kujenga, nyumba nyingi za huku hadi Newala ni mkono wake.

"Baba Kurwa, kauangalie ule ukuta wa ghala."

"Niuangalie nini?"

"Uangalie tu. Si wewe fundi?"

Alikwenda na nyundo yake. Hakuniamini, alichoka tu kuniona natembea. Aligonga katikati, akagonga kwenye kona, akagonga chini ya ukingo wa panya. Chokaa ya nje ilikuwa ngumu, ikamrudishia nyundo. Akarudi nyumbani akaketi.

"Ukuta mzima. Na wewe ungekaa chini kidogo ungekuwa mzima. Ule ameusimamia baba."

Nikajua njia hiyo imefika mwisho. Ukiutilia shaka ukuta ule mbele ya Mrisho, umelitilia shaka kaburi la baba yake.

Aliyebaki ni mama mkwe wangu, Bibi Esha, ambaye nyumba yake iko nyuma ya yetu. Ni mdogo wa mwili na mkali wa ulimi. Miaka yote niliyompikia hajapata kunisifia hata chumvi. Nilimkuta anabangua korosho za kula, vidole vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kukaa, au umekuja kulima uwanja wangu kwa miguu?"

"Mama, ukuta wa kaskazini una nini?"

Akaendelea kubangua. "Unyagoni hukufundishwa kutouliza?"

"Kurwa yuko chini yake kila siku. Wameyapanga magunia mpaka juu."

Mikono yake ikasimama. Akanionyesha kigoda kwa kidevu, na siku hiyo nilikaa.

"Mwaka ule jua lilikuwa kali," alisema. "Kisima cha karibu kilikauka, tukawa tunateremka mpaka mtoni. Serikali inataka maji ya ukuta. Watoto wanataka maji ya kunywa. Wewe ungempa nani?"

Akaanza tena kubangua, akaendelea.

"Tulikuwa tukipanda tunapitia majumbani. Nusu tunamimina mitungini, nusu tunapeleka kazini. Waliokuwa wakikoroga chokaa na kujaza kuta katikati ni wanawake wenzetu, wanajua, wananyamaza. Kuta tatu tulijitahidi. Ule wa nne watoto walikuwa wamekwisha kuanza kuharisha, mmoja wa Mama Zena alikufa. Tukasema basi. Tukapaka chokaa nje na ndani, mahali panapoonekana, katikati tukajaza udongo mkavu na mawe. Ule ukuta ni mto wa kulalia, tumeuvika foronya nzuri."

"Na baba hakujua?"

"Swalehe alikuwa mtu wa kutazama nje ya kitu. Ndiyo maana ndoa yetu ilidumu." Akaokota korosho nyingine, akaigeuza asiibangue. "Ulipokwisha tukaogopa. Kuwaambia wanaume hatuwezi, wangefungwa wao na tungepigwa sisi. Tukautia mwiko, tukaupeleka unyagoni. Na wewe usiende kuusema. Waliouficha wengi wamekwisha kufa na siri yao."

Nilimwambia sawa, mama. Kisha nikatoka pale nikaenda moja kwa moja ghalani.

Sikuoga, sikubadili kanga. Ilikuwa asubuhi ya kupima, watu wamepanga foleni na magunia yao mpaka barabarani, wazee kwa vijana, wanawake wenzangu wote wapo. Nikasimama karibu na mizani nikamwambia Ladislaus kwa sauti ambayo hata waliokuwa mwisho wa foleni waliisikia kwamba ukuta wa kaskazini ni udongo mkavu, kwamba mama zetu waliunyima maji wakawapa watoto, na kwamba atoe magunia yale kabla hayajaua mtu.

Halafu mzee mmoja akacheka, na wengine wakapata ruhusa.

"Shikamoo mama," alisema Ladislaus taratibu. Alikuwa na haya kwa niaba yangu. "Ghala hili limesimama tangu baba yangu hajazaliwa."

"Limesimama kwa sababu hakuna aliyeliegemea!"

"Fundi Mrisho mwenyewe alikuja na nyundo, akasema ni zima. Sasa nimsikilize nani, mama yangu?"

Kurwa alikuwa mlangoni na gunia begani. Alilitua. Hakunijia, alisema pale pale alipo, taratibu, na afadhali angepiga kelele.

"Mama, nenda nyumbani."

Nilivuna nilichopanda, na nilikivuna siku hiyo hiyo. Mrisho aliposikia alisema nimemvua nguo baba yake mbele ya mizani. Akachukua vyombo vyake vya kazi akapanda lori kwenda Newala, kwenye nyumba ambayo alikuwa ameahirisha kuijenga tangu kiangazi kianze. Shakila, jirani yangu na mtani wangu, ambaye ukoo wake na wetu hutaniana tangu mababu, alikutana nami njiani asinitanie. Alisema tu, "Ulichotoa si chako," akapita. Mtani akikosa la kukutania, ujue umefika pabaya. Lakini lililoniuma kuliko yote ni Kurwa. Aliacha kula kwa mkono wangu. Alikuja kulala tu, asubuhi akatoka bila kuniaga, akarudi mle mle ghalani, chini ya ukuta ule ule. Nilikuwa nimetoa siri ya wanawake wa miji yote hii, na gunia moja halikusogezwa.

Nikarudi kwa Bibi Esha nikiwa tayari kwa laana. Nilimkuta kwenye kigoda chake.

"Umekwisha kusema," alisema. "Basi fanya lililobaki."

"Lipi, mama?"

"Aliyenyimwa hupewa. Ukuta tuliunyima maji. Upe maji. Upe na unga, uuombe radhi."

Huku kwetu hilo halina ajabu. Ukimkosea aliyetangulia unachukua unga wa mtama na maji safi, unamwagia mahali panapohusika, unazungumza naye kama mtu aliye mbele yako. Nilishangaa kwamba sikuliwaza mimi mwenyewe. Kesho yake tulikwenda wote wawili, yeye na mkongojo wake, mimi na ndoo. Akanyunyiza unga chini ya ukuta, akasema, "Sisi ndio tuliokunyima. Tulikuwa na watoto. Pokea." Nami nikamimina maji chini, nikamimina na kwenye yale matundu ya upepo, yakaingia mpaka ndani ya moyo wa ukuta. Ardhi iliyanywa kabla sijainua ndoo. Nikasikia moyo wangu umetua kidogo, na kwa kuwa ulitua kidogo, nikataka utue zaidi.

Bibi Esha alisema mara moja inatosha. Mimi mara moja hainitoshi kwa jambo lolote. Nikawa nakwenda kila siku, kisha kila siku mara mbili. Bomba la kijiji lilikuwa halitoi kitu kwa miezi mingi, kwa hiyo kila tone nililoumwagia ukuta nilikuwa nimelipandisha kutoka bondeni kwa shingo yangu. Nyumbani sufuria zilikaa na ukoko. Mbuzi walinilalamikia nikiwapita na ndoo iliyojaa. Nilikuwa nauambia ukuta, "Kunywa. Kunywa, wewe, unibakizie mtoto wangu." Makuli walikuwa wakitoka mlangoni kunitazama, mmoja akawa ananiigiza na karai kichwani, wenzake wanagaragara kwa kicheko.

Siku moja Shakila alipita na kuni zake, akasimama.

"Mama Kurwa, ghala likichipua utugawie miche."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilijua nimeanza kusamehewa, nikapanda na ndoo nyingine kwa furaha.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, mawingu ya kwanza ya mvua yamekusanyika upande wa bahari na hayataki kushuka. Makuli walikuwa wamekwenda kula kwa mama lishe, nyuma ya mizani. Kurwa hakwenda nao, maana kila wakila walikuwa wakimwigizia mama yake. Alibaki peke yake ndani, anapandisha magunia ya mwisho juu ya mrundo. Mimi nilikuwa napanda kilima kwa mara ya pili tangu alfajiri, bila kitu tumboni, jua limenikaa kwenye paji la uso. Nilipofika uwanjani nilikuwa nayumba hata maji yakawa yananimwagikia mabegani.

Nikamwona anatoka mlangoni. Alinijia kwa hatua ndefu, uso umekunjamana.

"Lete hapa."

"Ngoja nikaumwagie kwanza."

"Lete, mama. Unaniaibisha." Akaitoa ndoo kichwani mwangu, akaiweka begani kwake kama gunia, akageuka akaelekea njia ya nyumbani. Mimi nyuma yake nikiwa namkemea, namwambia maji hayo si ya nyumbani, arudi, hajui anachofanya. Tulikuwa tumeipita mizani.

Sauti ya kwanza haikuwa kubwa. Ilikuwa kama fundi anamwaga mchanga kutoka kwenye karai. Tuligeuka, na ukuta wa kaskazini ukakaa chini. Haukuinama wala haukupinduka, ulikaa, kama mtu aliyechoka. Halafu boriti zikalia, mabati ya juu yakakunjana, magunia yakaja nje yote kwa pamoja yakipasuka, na korosho zikatiririka uwanjani zikatufikia miguuni. Vumbi lilipanda jekundu likatufunika. Ndoo ilimponyoka Kurwa begani, maji yote yakamwagika.

Nilimshika. Nilimshika mikono, kichwa, mgongo, nikamgeuza kama mtoto mchanga anayetafutwa mwiba. Alikuwa mzima. Makuli walikuja mbio na matonge mikononi, wakahesabiana, wote wapo. Ladislaus alivua miwani, akashika kichwa. Watu wakajaa. Na pale mahali pa ukuta, kila mwenye macho aliona foronya imechanika na ndani ni udongo.

"Mama Kurwa alisema!" mtu alipiga kelele. "Si alisema?"

Vigelegele vikapigwa. Wanawake waliokuwa wamenigeuzia mgongo wakanikumbatia, Shakila akanifunga kanga yake kiunoni, yule mzee aliyecheka kwanza akaniamkia mimi, mtu wa rika la binti yake. Nitasema kweli, nilijiona mkubwa. Nilisimama katikati ya uwanja nikipokea pole na hongera, na kila aliyeniuliza nilimweleza upya, na kila nilipoeleza nilimtazama Kurwa ili nione kama anasikia.

Mrisho alifika alasiri juu ya lori la Newala, habari zilimkuta njiani. Aliruka kabla lori halijasimama. Alimtazama Kurwa juu mpaka chini, akanitazama na mimi, akaenda kupiga magoti penye kifusi. Aliokota udongo wa juu, akaupukuta mkononi ukaenda na upepo. Akauokota wa chini, ule wa msingi. Akaufinya, na ukatoka matope katikati ya vidole vyake.

"Nani ameumwagia maji?"

Vigelegele vikakoma. Macho yote yalinijia, na Mrisho akayafuata.

"Ulikuwa mkavu," alisema. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayejisomea. "Udongo mkavu uliobanwa na mawe, unakaa. Hata magunia ungeyabeba. Ila ukiulowesha chini, na huku ndani kuna kitu kinausukuma..." Akajipangusa mkono kwenye suruali, asimalize.

Bibi Esha alikuwa ameletwa kwa baiskeli, amekaa juu ya gunia lililopasuka. Akatikisa kichwa.

"Kumbe tuliujenga vizuri," alisema.

Mtu mmoja akacheka, halafu akajizuia. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakainama kuokota korosho. Shakila alinifungua kanga yake kiunoni taratibu, kwa heshima. Mimi nilitaka ardhi inipokee. Nilikuwa nimepanda kilima kile siku zote hizo, na kila ndoo niliyodhani namwondolea mwanangu hatari, ndiyo niliyokuwa namwongezea.

Kurwa alikuwa amesimama kando yangu. Amesikia yote.

"Kwa hiyo ni wewe, mama."

"Ulitoka," nilimwambia, nikamshika mkono wa shati. "Sikiliza, mwanangu, ulitoka. Nani alikwambia utoke? Moyo ulikushtuka? Ulikumbuka niliyokuambia?"

Nilihitaji aseme ndiyo. Aseme aliota, aseme Doto alimwita, aseme mwiko ulimpanda kichwani, lolote. Alifikiri kwanza, maana si mwongo.

"Hapana. Nilikuona unapanda, umechoka. Basi."

Akainama akaokota ndoo, akaikung'uta korosho zilizoingia ndani, akaniuliza kama nyumbani kuna maji ya kunywa.

Nikamwambia hayapo.